Vifagio vya Kifuani

Kwenye kioo kikubwa cha kuonyeshea picha katika wodi ya watoto, vifagio vilikuwa kazini. Vilikuwa vijimashine vidogo kuliko chembe ya unga, maelfu kwa maelfu, vimejipanga ndani ya njia ya hewa ya mtoto Senzia, vikiusukuma ute kwenda juu bila kupumzika. Same, ambayo siku hizo ilikuwa jiji na maringo yake yote, ilivipenda mno, na Nakijwa Mshana, mhandisi aliyevibuni, alikuwa akipigiwa vigelegele hata sokoni.

Na haki yake. Kirusi cha mafua kikiingia kifuani, hunyoa. Utando wa njia ya hewa una vinywele vinavyopepea kutwa kucha, kuutoa ute na uchafu wake. Kirusi huziua seli zenye vinywele hivyo, ute ukakwama, mtoto akakabwa na kifua chake mwenyewe. Vifagio vilishika zamu mpaka vinywele vipya viote. Ndivyo ilivyotakiwa.

Ila siku zilikwenda na Senzia haponi. Nakijwa akaikuza picha. Akaona seli changa, ya mviringo, inajishikiza kwenye utando mtupu. Kifagio kikaja, kikaing'oa, kikaitupa pamoja na taka nyingine.

"Mungu wangu!" Akapeleka mkono kwenye kitufe cha kuvizima. Yeye ndiye aliyevifundisha: seli isiyo na kinywele imekufa, ondoeni. Hakuwaza kabisa kwamba seli changa nayo huanza na upara, kama mtoto anavyozaliwa kibogoyo.

"Nakijwa, toa mkono hapo," alisema Daktari Kiondo, mkuu wa wodi. "Ukivizima, mtoto atakabwa. Pampu za kunyonya ute tulishaziondoa, unajua."

"Nisipovizima hataota kinywele hata kimoja, daktari. Na wale wote tuliowaruhusu kwenda nyumbani na vifagio vifuani, hawajapona. Wanafagiliwa tu."

Namsifu, mama yake Senzia, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kumbe kasikia yote. "Dada, niambie ukweli. Angekuwa wako ungefanyaje?"

Nakijwa hakuuondoa mkono kitufeni. "Ningezima."

"Basi zima."

Vifagio vikasimama. Haukupita muda, kifua cha Senzia kikaanza kukoroma, mbavu zikabonyea, midomo ikabadilika rangi. Kiondo akapiga kelele pampu itafutwe, hata stoo. Namsifu hakumngoja. Alimwinamia mwanawe, akaifunika pua yake kwa kinywa, akavuta, akatema kwenye kanga. Akavuta tena.

"Mama, utaambukizwa!" alisema Kiondo.

"Wacha niambukizwe!"

Mtoto akalia. Kilio chenyewe kilikuwa cha kukwaruza, lakini kilikuwa na pumzi ndani yake, na Namsifu akalia naye.

Pampu ilipatikana jioni, imejaa vumbi. Waliitumia kwa zamu siku baada ya siku, hawalali vizuri, hawali vizuri, hadi asubuhi moja seli changa ilipoonekana kiooni na kinywele chake cha kwanza, kinapepea.

Nakijwa hakushangilia. Alitoka hadi koridoni akampigia mumewe.

"Baba Elisante, mlete mtoto hospitali."

"Kwani ana nini? Mbona yuko nje anacheza mpira, na makelele yake hayo!"

"Anaumwa," alisema. "Anaumwa tangu mwaka juzi, siku ile nilipomwekea vifagio."