Mshono wa Wiki ya Pili

Jumanne, tarehe kumi na mbili Mei, kulikucha na manyunyu. Matone yalidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni. Mama, fundi cherehani, alikuwa ameshasali na kukalia stuli yake. Binti yake mkubwa alitia daftari mkobani moja moja, kama mtu anayetafuta sababu ya kuchelewa.

Mtaa mzima ulimwita Profesa. Jina hilo alilipata darasa la nne, alipokuwa akishika nafasi ya kwanza kila muhula, likamganda. Sasa alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na jina lilimbana kama kiatu cha mwaka juzi.

"Profesa, hisabati inakwendaje?" aliuliza mdogo wake wa darasa la sita, akifunga kamba za viatu.

"Vizuri."

"Mbona unalijibu dirisha?"

"Na huo mdomo wako hauna kufuli?"

Ukweli ni kwamba haikwenda vizuri hata kidogo. Wiki ya pili ya masomo aliugua homa, akakosa mihadhara yote ya hisabati. Aliporudi aliona haya kuuliza. Yeye, Profesa, aulize? Alipiga picha daftari la mwenzake, akaendelea na somo la siku hiyo. Hakulielewa. Somo la kesho yake lilijengwa juu ya lile asiloelewa, na la keshokutwa vivyo hivyo. Sasa ilikuwa wiki ya nane. Simu yake ilikuwa na picha mia na ishirini. Kichwani hamna kitu. Ijumaa kulikuwa na jaribio, na asiyefikisha alama arobaini asingeruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Angerudia mwaka. Kila asubuhi alisali sala moja: "Mungu wangu, jaribio liahirishwe." Halikuahirishwa.

"Mama," alisema, "sijisikii vizuri. Sidhani hata Ijumaa nitaweza kwenda."

"Ugonjwa una kalenda!" mdogo wake akadakia. "Leo Jumanne, unajua utaumwa Ijumaa?"

Mama hakucheka. Alimrushia gauni la kwaya alilokuwa ameligeuza geuza tangu alfajiri. "Hebu lijaribu. Inua mkono."

Bega likavuta, mkono ukakwama.

"Lo! Mkono wa kulia nimeuweka kushoto," mama akasema. "Na nimeshafunga ubavu na kupinda upindo!"

"Si uache tu?" Profesa akamwambia. "Wanakwaya wataimba mikono chini."

"Na wimbo ukisema tuinue mikono?"

Mama akachukua wembe. Alifumua upindo, akafumua ubavu, akafika kwenye bega. Nyuzi zikamjaa magotini.

"Unalifumua lote?" Profesa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Lote la nini? Kola ni nzima, kifua ni kizima. Narudi mpaka pale nilipokosea, basi."

Machozi yakamtoka Profesa. "Mama, na mimi nimekosea." Akasema yote, tangu homa hadi zile picha.

Wembe ukasimama hewani. "Wiki sita unaniaga, unaniambia vizuri?"

"Niliogopa utaaibika mtaani."

"Aibu ya mtaa nitaibeba. Uongo ndio unaonichoma." Mama akauweka wembe chini, akauliza, "Ulikosea wapi?"

"Wiki ya pili."

"Basi kamwambie mwalimu wako hivyo hivyo. Usimwambie huelewi hisabati. Mimi nikiletewa nguo nikaambiwa tu 'haikai', nitaanzia wapi?"

Saa tano alisimama mbele ya ofisi ya mhadhiri. Mara mbili aliinua mkono kubisha, mara mbili akaushusha. Sala yake ikabadilika: "Mungu wangu, nipe mdomo." Akabisha.

"Nilidhani umehama chuo," alisema mhadhiri, mzee mwenye vumbi la chaki kwenye koti.

"Nilipotea wiki ya pili, mwalimu. Tangu hapo najifanya naelewa."

Mzee akavua miwani. "Wengi huniletea msiba siku ya matokeo. Wewe umeniletea kosa lenye tarehe. Kaa. Siahidi kitu, ila wiki ya pili tutaimaliza leo."

Alimfundisha saa nzima. Jumatano akarudi kwa wiki ya tatu, Alhamisi kwa ya nne. Siku ya jaribio aliacha maswali mawili wazi.

Matokeo yalibandikwa Jumanne iliyofuata. Jioni hiyo shangazi yao, kiongozi wa kwaya, alikuja kujaribu gauni. Aliinua mikono yote miwili, likamkaa.

"Enhe, Profesa wetu! Umekuwa wa kwanza tena?"

Profesa alimtazama shangazi usoni. Mdogo wake alitazama sakafu.

"Hapana, shangazi. Nimepata arobaini na tatu. Nimevuka kwa kutambaa."

Shangazi akabaki na mikono juu. Mama akazima cherehani.

"Sikilizeni, wanangu. Nina miaka ishirini katika kazi hii na bado nakosea mshono. Kukosea si aibu. Kibaya ni kuendelea kushona juu ya kosa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sali, lakini ukishasali, nenda kabishe mlango."

Profesa akasimama wima.

"Mbele yako mama, mbele ya shangazi na mdogo wangu, na Mungu anasikia, naahidi: siku nitakayokwama, nitasema siku hiyo hiyo. Na kesho saa tano niko kwa mwalimu. Tunafumua wiki ya tano."