Maneno Kumi na Mawili ya Ummy

Kila siku baada ya sala ya Alasiri, Shadya alikuwa na kazi tatu: kuosha sufuria za mama yake za unga wa vitumbua, kufagia uani, na kujisifu. Mbili za kwanza alizifanya kwa kukumbushwa. Ya tatu hakuhitaji kutumwa.

Tusimwonee, sababu ya kujisifu alikuwa nayo. Madrasa ya Maalim Twalha, pale Bagamoyo, haikuwa na mtoto aliyehifadhi upesi kama yeye. Yasini aliimaliza kwa wiki tatu, kwa njia ileile ya watoto wote wa mtaani kwao: unakaa mkekani, unayumba mbele na nyuma, unasoma kwa sauti mpaka maneno yanauzoea ulimi.

Dada yake, Ummy, alikuwa mtu wa kimya. Alichora kwenye kompyuta yake nakshi za milango ya mji mkongwe, akaziuza kwa watengenezaji wa vitambaa walioko nchi za nje. Wao walimlipa kwa sarafu za mtandaoni, naye alizitunza katika pochi ya kidijitali iliyokaa ndani ya kivinjari, yaani programu ileile aliyofungulia tovuti. Miaka miwili alikuwa akidunduliza humo ada ya chuo cha uuguzi. Masomo yangeanza Oktoba, na zilikuwa zimebaki siku kumi kufikia mwisho wa kulipa.

Alhamisi moja Ummy alimkabidhi mdogo wake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Iweke kwenye sanduku la mama, chini ya kanga," alimwambia. "Usiifungue. Ina maneno kumi na mawili. Atakayeyajua ataifungua pochi yangu popote alipo, hata kama hajawahi kuigusa kompyuta hii."

"Na nywila je?"

"Nywila inaifunga pochi kwenye kompyuta hii tu. Maneno ndiyo pochi yenyewe."

Ingependeza kusema kwamba Shadya hakuifungua. Lakini alipoinua kifuniko cha sanduku alikumbuka kuwa mwaka uliopita mchwa waliingia mlemle, wakala cheti chake cha kuzaliwa, wakabakiza muhuri. Karatasi huliwa, akawaza, kichwa hakiliwi. Basi akajiambia kwamba anamsaidia dada yake, na mtu akishajiambia hivyo, mikono hufanya yaliyobaki.

Yalikuwa maneno ya Kiingereza yasiyojuana hata kidogo, kama abiria waliokutana stendi. Shadya aliketi uani kando ya sufuria zake, akaanza kuyumba na kuyasoma. Yalipokataa kukaa, aliyatilia mahadhi. Kabla ya Magharibi yalikuwa yamekaa yote kumi na mawili, kwa mpangilio wake. Akairudisha karatasi chini ya kanga na kulala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Jumamosi asubuhi alitumwa dukani kununua hamira. Uchochoroni aliwakuta watoto wakiruka kamba, na kinara wao alikuwa Hija, jirani yake wa miaka saba, aliyekuwa akiimbisha wenzake kwa sauti ya kupasua masikio:

"Ambrela, tomato, zebra, tiketi..."

Waliendelea hivyo mpaka la kumi na mbili. Hakuna lililorukwa, hakuna lililopotea, na mahadhi yalikuwa yaleyale ya Shadya. Uzio wa uani kwao ulikuwa wa makuti, na makuti huzuia kuku, hayazuii sauti.

Shadya aliwasogelea. Upesi akabuni hila.

"Hija, mdogo wangu, mnakosea. Inatangulia zebra, halafu ndiyo ambrela."

"Wewe ndiye umesahau, da Shadya," Hija alimjibu kwa huruma. "Juzi ulianza na ambrela. Tulikusikia mara hamsini. Njoo nikufundishe polepole."

Watoto wakaangua kicheko. Pembeni, kwenye kibanda chake cha vocha, alisimama da Sophia na simu yake mkononi. Shadya alimwamkia, naye akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye kioo. Alisema amewarekodi watoto tangu saa moja na kuwaweka kwenye stetasi yake. Watu mia na themanini walikuwa wameshatazama, na wengine walitaka kumjua mtunzi. Si ni Shadya?

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Shadya alikataa sifa.

Alirudi nyumbani mbio, hamira ameisahau. Sebuleni hapakuwa na mtu, na kompyuta ya Ummy ilikuwa wazi mezani. Huenda jambo hili likamalizwa kimyakimya, aliwaza. Akaandika kwenye kivinjari akiuliza namna ya kubadilisha maneno ya siri ya pochi. Juu kabisa likatokea tangazo, akalibonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye picha iliyofanana na ya pochi ya Ummy, wenye visanduku kumi na viwili na maandishi mekundu: Pochi yako iko hatarini. Andika maneno yako hapa tukulindie.

Akaandika la kwanza. Akaandika la pili. Kwenye la tatu kidole kikasita. Atakayeyajua ataifungua pochi, ndivyo Ummy alivyosema. Sasa huyu anayeyaomba, anayaomba ya nini? Mlinzi gani hudai ufunguo wa kabati ndipo akulindie mlango?

Aliufunga ukurasa ule. Ilibaki njia moja tu, nayo ilipita mdomoni mwake mwenyewe.

Ummy na mama yao, Bi Dija, walikuwa jikoni wakigeuza vitumbua. Shadya alisimama mlangoni.

"Dada Ummy, niliifungua karatasi. Niliyahifadhi maneno kwa sauti, na sasa mtaa mzima unayajua. Yako hata kwenye simu ya da Sophia."

Mkono wa Bi Dija ulisimama juu ya kikaango. Ummy hakugomba. Aliweka sahani chini, akaenda sebuleni kwa hatua za haraka, huku Shadya akimweleza nyuma yake habari za ule ukurasa.

"Uliandika mangapi?"

"Mawili. Sikuyatuma."

Ummy aliifungua pochi. Ada ilikuwepo, yote. Lakini maneno yale hayabadilishwi, alieleza huku vidole vikikimbia. Dawa ni kufungua pochi mpya yenye maneno mapya na kuhamishia kila kitu humo kabla mjanja mmoja hajauelewa ule wimbo. Anwani ya tovuti ya pochi hakuitafuta kwenye matangazo. Aliiandika mwenyewe, akamtaka Shadya aikague herufi moja moja. Maneno mapya yalipotokea aliyanakili kwa kalamu, amegeuza mgongo. Kisha akatuma kiasi kidogo cha kujaribia, wakangoja. Kikafika. Ndipo akatuma zilizobaki.

Pochi ya zamani ikasoma sifuri. Mpya haikuonyesha nyongeza yoyote, ila neno moja: inasubiri. Bi Dija alikuja akasimama nyuma yao, na vitumbua vikaungua bila mtu kuvijali. Shadya alihesabu pumzi zake. Alipofika arobaini, ada ikatokea.

"Imefika," alisema Ummy, akafunika uso kwa viganja.

Da Sophia aliiondoa ile video, ingawa alilalamika kwamba ilibaki kidogo tu ifike mia mbili. Jumatatu Ummy alibadilisha sarafu zake kuwa shilingi na kulipa chuoni. Karatasi mpya aliificha peke yake, na hadi leo hakuna anayejua wapi.

Jioni ya Jumatatu hiyo Bi Dija alimwita Shadya uani.

"Mwanangu, ulimi wako ni neema. Cha kusomwa kisome kwa sauti, majirani wafaidike," alimwambia. "Lakini ukikabidhiwa siri ya mtu, usiiguse hata kwa nia ya kuisaidia. Amana hutunzwa kama ilivyopokewa. Anayekuomba siri hiyo, awe mtu au kompyuta, mnyime. Ila kosa lako usilifanye siri. Ungelinyamazia hata siku moja, leo tungekuwa tunalia. Ulilisema mapema, ndiyo maana dada yako anakwenda kusoma."