Mkeka wa Kuazima

Siku meli ya watalii inapotia nanga hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, kituo chetu cha wageni hugeuka soko. Latai alikuwa nyuma ya kaunta tangu saa mbili asubuhi, ua jeupe sikioni, kalamu nyekundu mkononi, akiwachorea watu njia kwenye ramani. Sokoni huku, ufukweni huku, makaburi ya wafalme kule, na jamani msipande juu ya ukuta.

Akafika kijana mrefu, shati la maua limemkaa vizuri mabegani.

"Ramani tu?" Latai aliuliza bila kuinua macho.

"Ramani na babu."

"Babu wamekwisha tangu jana. Ungewahi."

Kijana akacheka kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka. Aliitwa Kalafi, fundi umeme, mzaliwa wa Auckland, kaja kwa ndege, na ndiyo kwanza anakanyaga Tonga. Babu yake alihamia New Zealand akiwa kijana, akafa bila kumwambia mtu kijiji chake. Alichoacha ni picha moja ya kanisa dogo la mbao.

"Sikujua pa kuanzia," alisema, "nikaona nianzie hapa wanapoanzia wageni."

Maneno hayo yalimchoma Latai. Sura ya kwetu kabisa, halafu anajiita mgeni! Akamchorea njia ndefu kuliko za watu wote, na mwisho wa njia akaandika namba yake ya simu.

Basi wiki ile simu haikupoa. "Umekula?" "Sijala, nakusubiri wewe." "Nyoo! Nani kakwambia nakuja?" Na Latai anakwenda. Siku ya tano, nyuma ya ukuta wa bahari, Kalafi alimbusu, na Latai hakujifanya kukataa.

Wiki ya pili mzee Sunia akafariki. Alikuwa mdogo wa babu yake Latai.

"Pole, mpenzi wangu," Kalafi alisema kwenye simu. "Nije?"

"Njoo utoe pole kama watu wengine. Ila usinikodolee macho, shangazi anaona mpaka kisogoni."

Kwetu mikeka huvaliwa, na msibani ukitaka kujua mtu ni nani unamtazama kiunoni. Mgeni hufunga mkeka wake wa kawaida juu ya nguo nyeusi. Wajukuu na watoto wa nyumbani hujifunga mikeka mikubwa, mikuukuu, iliyochanika, inayowafunika mpaka magotini, wakashinda nyuma kwenye mashimo ya kuokea chakula. Latai mwenyewe alikuwa kajifunga wa namna hiyo, nywele kaziachia, anapanga majani ya kufunikia nyama, alipomwona Kalafi akipita na kikapu cha magimbi begani. Kiunoni ana mkeka mkubwa umechakaa hatari.

Kisu cha kumenyea kilikuwa tayari mkononi mwake. Watu walishampokea kama mtoto wa nyumbani.

"Huyo ni wa nani?" Latai alimuuliza shangazi Meliame.

Shangazi Meliame ndiye anayejua ukoo wetu, na neno lake halipingwi. Akamtazama kijana juu mpaka chini.

"Sunia alikuwa na kaka yake, Mosese, aliyepotelea New Zealand. Hatukusikia habari zake tena. Atakuwa mjukuu wake huyo. Mtu hajifungi mkeka ule kwa kujifurahisha."

Latai akahesabu vizazi. Mjukuu wa Mosese ni kaka yake. Kwetu hakuna binamu katika jambo hili, kaka ni kaka, na kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawakai hata chumba kimoja kutazama televisheni. Naye alishambusu! Akaacha majani, akampita Kalafi bila kumtazama, akajificha nyuma ya tangi la maji.

Jioni simu ikaita. Ikaita tena. Mara ya sita akapokea.

"Latai, nimefanya nini? Umenipita kama hunijui."

"Usinipigie tena, kaka."

"Kaka? Tangu lini mimi ni kaka yako?"

Akakata. Usiku na mchana alijiona mchafu, na kilichomtesa zaidi ni kwamba bado alimpenda. Angemwambia nani jambo kama hilo?

Siku nane zikapita. Jumamosi asubuhi alikuwa kaunta, bado na nguo nyeusi na mkeka wake wa msiba, mlango ukafunguliwa, akaingia Kalafi. Latai akainuka haraka aende chumba cha nyuma.

"Usitoke! Ndege yangu leo saa mbili usiku. Nipe dakika moja tu, halafu nitaondoka."

"Hatutakiwi kuwa humu pamoja."

"Kwa nini?"

"Ule mkeka, Kalafi! Uliufungia nini kama si mtoto wa nyumbani?"

Kijana akaisogelea kaunta. "Ule? Niliuazima kwa mwenye nyumba ya wageni. Alinitolea miwili akaniambia chagua. Mmoja mdogo, mzuri, unang'aa. Nikaona huo wa maringo. Nikachukua mkubwa, nikajua ndio wenye heshima zaidi."

"Na kule jikoni?"

"Walinipa kisu. Nikadhani ndivyo mnavyokaribisha wageni."

Latai alitaka kucheka, machozi yakawahi. "Lakini babu yako alipotelea New Zealand. Na wetu pia."

Kalafi akatoa daftari la shule. Yule mwenye nyumba ya wageni alilitambua kanisa la pichani, liko Vava'u, visiwa vya kaskazini, na Kalafi siku zote hizi alikuwa huko. Wazee wa kijiji walimwandikia majina yote, vizazi vinne.

Latai akampigia shangazi. Akasoma jina kwa jina, kidole kikifuata mistari kwenye karatasi.

"Rudia mama yake babu," shangazi alisema.

Akarudia. Kalafi kashika ukingo wa kaunta.

"Hao siwajui," shangazi akasema mwishowe. "Na nisiowajua mimi si ndugu zetu. Sasa mkeka ule alivaa wa nini?"

"Aliona mkubwa ndio heshima, shangazi."

Kicheko kilisikika mpaka upande wa pili wa kaunta. "Masikini! Mtoto wa watu kanimenyea magimbi siku mbili bure! Mlete ale kabla hajapanda ndege."

Latai akajifuta uso. Akachukua ramani mpya, akachora mstari mwekundu kutoka kituoni mpaka nyumbani kwa shangazi.

"Nitarudi Desemba na mama yangu," Kalafi alisema taratibu. "Aje aongee na wakubwa wako. Utanisubiri?"

"Nitakusubiri. Ila safari hii mkeka nitakuchagulia mimi."

Akafunga kituo kabla ya wakati. Wakashika barabara ya ufukweni mchana kweupe, bega kwa bega, ili kila mwenye macho aone kwamba yule si kaka yake.