Kanyaga, Mke Wangu

Yapo mambo ambayo mashahidi wote wanne wanakubaliana, na ni vyema yakatangulia, kwa kuwa yaliyobaki yana ubishi. Wanakubaliana kwamba ilikuwa Jumamosi alasiri, jua likiwa bado kali. Kwamba mfamasia alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake kuukuu, spana mkononi, akitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kwamba mkewe, aliyeketi mbele ya usukani ili kumkanyagia pedali, alishuka kwenda kumfungulia kaka yake geti, wala hakurudi garini. Na kwamba pedali iliendelea kukanyagwa.

Hilo la mwisho kila mmoja analithibitisha kwa namna yake. Mume anasema mafuta ya breki yaliendelea kuruka kwa nguvu kila alipolegeza nati. Mke na kaka yake, waliokuwa wamesimama getini wakiulizana habari za nyumbani, waliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka na kuzimika, zikiwaka na kuzimika. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, shoga yake mke, aliyekuwa akishona barazani kwake nyuma ya ukuta mfupi, hakuona kitu. Yeye alisikia tu.

Asiyewahi kushika spana anahitaji kuelezwa kazi hiyo ilivyo. Hewa ikiingia kwenye mabomba ya breki, pedali huzama kama mguu uliokanyaga godoro, na gari halisimami. Kuitoa kunataka watu wawili, mmoja chini na mmoja ndani, nao hawaonani; wanaunganishwa na sauti. Wa chini husema, “Kanyaga.” Wa ndani hujibu, “Nimekanyaga.” Nati hulegezwa, mafuta hutoka na mapovu yake, nati hukazwa. Ndipo wa chini aseme, “Achia,” na wa ndani ajibu, “Nimeachia.” Atakayeachia kabla hajaambiwa ataivuta hewa ndani tena, na kazi yote iwe bure. Kwa hiyo ni kazi ya kuaminiana, na wawili hawa waliifanya kwa miaka mingi kama mchezo wao wa mwisho wa juma. Mke, ambaye ni mwalimu, aliiita pikapu hiyo mke mwenzake. Asubuhi humuuliza mumewe mke mwenza kaamkaje, naye, akiona tone la oili sakafuni, hujibu kwamba ana mafua kidogo.

Siku hiyo mfamasia hakusikia hodi wala geti, kwa kuwa cherehani ya jirani ilikuwa ikinguruma. Alisema kama alivyozoea kusema, “Kanyaga, mke wangu.” Sauti ya kike ikajibu kutoka ndani, “Nimekanyaga.” Akahama gurudumu moja hadi jingine. Aliona tu kwamba mguu wa leo ulikuwa mzuri kupita siku zote. Haukuchoka, haukuwahi, haukuchelewa. Alipokaza nati ya mwisho, moyo ukiwa mweupe, akasema maneno ambayo baadaye aliyarudia mbele ya kila aliyemhoji, bila kuyapunguza: “Leo umeiweza kazi. Sijapata kuwa na mke kama wewe.”

“Asante, mume wangu,” sauti ikasema.

Mkewe hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Dokta, kwa dhihaka, kwa sababu wanunuzi wa dawa za kikohozi humwita hivyo. Mfamasia akatoka chini ya gari akijifuta mikono, akakuta mlango wa pikapu u wazi na kiti kitupu, na mkewe yuko getini, mgongo kwake, akicheka na kaka yake. Akamuuliza ameshuka lini. Akajibiwa kwamba ameshuka tangu gurudumu la kwanza, kwani hakumsikia akiaga?

Kwa anayepima ushahidi, kila kipande hapa kina maelezo yake. Mafuta ya breki huweza kutiririka yenyewe yakitoka juu kwenda chini. Nyaya za gari kuukuu hugusana, taa zikawaka bila amri. Na sikio lililozoea jibu hujijibu lenyewe. Shemeji mtu alisema hayo yote, kisha akaongeza mzaha kwamba huenda badala ya kutoa upepo, wameingiza upepo. Wakacheka. Aliyekataa kucheka ni fundi cherehani, maana yeye hakuwa akingojea jibu lolote, na aliposimamisha cherehani kukata uzi, alilisikia.

Hata hivyo breki zilikuwa madhubuti kuliko zilivyokuwa wakati wowote. Mfamasia aliiendesha pikapu wiki iliyofuata kwa furaha, ingawa ndani mlikuwa na harufu ngeni, kama nywele zilizoungua kisha zikapakwa marashi, isiyotoka hata vioo vikishushwa. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea. Alikipiga kwa kiganja, kikainuka. Alipotazama tena kilikuwa kimebonyea.

Kisha mambo yakaingia ndani ya nyumba. Jioni moja, akiwa sebuleni, alimwita mkewe amletee miwani. Akaitikiwa “Abee” mara mbili. Moja kutoka chumbani, na moja, ya mapema kidogo, kutoka uani ilikoegeshwa pikapu. Mkewe alitoka chumbani na miwani mkononi, akasimama katikati ya mlango.

“Nani kaitika?” akauliza kwa sauti ya chini.

“Si wewe?”

“Mimi nimeitika wa pili, Dokta.”

Tangu jioni hiyo mwanamke yule alikuwa na mashindano ambayo hakuyaomba. Kila alipoitwa, alijitahidi kuwahi. Na kila alipojitahidi, kuna mtu alimtangulia. Mume akaacha kumwita mke wangu, akamwita Mwalimu. Lakini mazoea yana taabu, na ulimi uliozoea hauna breki. Kila ulipomteleza, “Abee” ya uani ilikuwa wazi zaidi, na ya mkewe ilikuwa hafifu zaidi, mpaka ikawa mnong’ono, mpaka siku moja alifungua kinywa na midomo ikacheza bila kutoa kitu, na kutoka uani, kwa sauti yake mwenyewe, kwa mkwaruzo wake uleule wa mwalimu aliyekula chaki maisha yake yote, likaja jibu lililokuwa lake.

Hospitali walilipima koo na kuliona zima. Daktari alieleza kwamba hofu huweza kuifunga sauti, na maelezo hayo ni ya kuheshimiwa. Hayaelezi tu sauti hiyo ilikuwa ikisikika wapi. Mfamasia, mtu aliyezoea kila ugonjwa kuwa na kopo lake kwenye rafu, akasimama mbele ya rafu zake asijue anyooshe mkono wapi. Mkewe aliketi kitandani akimwandikia kwa kidole juu ya shuka neno moja: niite. Naye hakuthubutu, kwa kuwa kumwita kulikuwa ndiko kunakomwondoa.

Wakaazimia kuiondoa pikapu. Shemeji alileta gari lake na kamba nene, wakaifunga ili waivute hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Magurudumu yakakataa kuzunguka. Mfamasia akaingia chini, akafungua magurudumu yote manne, akavitoa viatu vya breki kimoja kimoja na kuvipanga juu ya gunia, akayarudisha magurudumu bila breki hata moja. Na pikapu isiyo na breki, mbele ya macho ya mume, mke na shemeji, mchana kweupe, ikafunga breki, taa zake nyekundu zikawaka na zikakaa zimewaka, huku kamba ikijinyoosha, ikilia, ikikatika, na kutoka ndani ya kibanda kilichofungwa vioo pumzi ya mtu anayekaza mguu kwa bidii ikisikika, taratibu, ya mtu asiyeona sababu ya kuchoka.

“Shemeji,” kaka mtu akanong’ona, “hii si habari ya nyaya.”

Ndipo akaletwa mganga, mwanamke mnene aliyevaa miwani na kubeba mkoba wa plastiki, ambaye hakuchoma kitu wala kupiga ngoma. Aliketi sebuleni, akaomba asimuliwe maneno yaliyosemwa Jumamosi ile, neno kwa neno, na akamkatiza mfamasia mara mbili alipojaribu kufupisha. Mke aliyepoteza sauti alikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa.

“Mbona hakuna mwizi hapa,” mganga akasema hatimaye. “Ulimwita mke, akaitika. Ukampa kazi, akaifanya. Ukamsifu kuliko yule wa kwanza, akashukuru. Heri kujikwaa dole, mwanangu, kuliko kujikwaa ulimi. Huyo ni jini wa kike aliyekuwa akipita, akaposwa.”

“Nilikuwa nasema na mke wangu.”

“Ulikuwa unasema na aliyekuwemo.”

Mfamasia akauliza afukuzwe vipi. Mganga akamjibu kwamba mke hafukuzwi, mke huachwa. Amwache kwa ulimi uleule na mahali palepale, yeye akiwa chini na huyo akiwa ndani, mguu wake ukiwa kwenye pedali. Na pale anapopaswa kusema achia, amwambie kwamba amemwacha. Akatoa sharti moja: mke wa kweli apelekwe mbali, asipate kuyasikia maneno hayo, kwa sababu maneno ya namna hiyo yakishatoka hayarudi kumwuliza msemaji alimkusudia nani.

Kaka mtu akamchukua dada yake, akampeleka kwake, upande wa pili wa mji. Mganga akajifungia sebuleni. Mfamasia akabaki na pikapu.

Yaliyotokea uani yana shahidi mmoja tu, tena mwenye maslahi, na yapokelewe hivyo. Anasema aliinua gari kwa jeki, akajilaza pale alipolala mara ya kwanza, spana mkononi. Anasema harufu ile ya nywele na marashi ilishuka juu yake kutoka kwenye matundu ya sakafu ya gari. Alisema, “Kanyaga,” na hakujibiwa. Akakumbuka, akafunga macho, akasema, “Kanyaga, mke wangu,” na pedali ikazama polepole, kwa upole wa mtu aliyeitwa baada ya kunyimwa kuitwa kwa muda mrefu, na sauti ya mkewe, sauti ile aliyoitamani kila asubuhi kwa siku zote zile za ukimya, ikasema juu ya kifua chake, karibu sana, nimekanyaga, mume wangu, naye alikiri baadaye kwamba palikuwa na dakika, akiwa amelala pale katika giza la mafuta na vumbi, ambapo hakutaka kusema lile alilotumwa kusema, kwa kuwa sauti hiyo ikinyamaza hakujua kama ataisikia tena mahali popote, lakini akamkumbuka aliyekuwa akiandika kwa kidole juu ya shuka, akavuta pumzi na kusema, “Mke wangu, nimekuacha.”

Pedali ikainuka. Kiti kikalia kama kinavyolia mtu anaposimama. Harufu ikakatika. Mganga alitoka sebuleni, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema ni chuma kitupu sasa, akaenda zake.

Mfamasia alikuwa bado ananawa mikono simu ilipolia. Ilikuwa shemeji yake, na sauti yake haikuwa na mzaha.

“Umemwambia nini dada yangu?”

Alieleza kwamba dada yake alikuwa ameketi mezani, kimya kama siku zote, mara akaweka kikombe chini na kusema, kwa sauti safi, nimesikia. Kisha akaanza kulia. Mfamasia akaomba apewe simu. Akamwambia kwamba hakumkusudia yeye, kwamba yalikuwa maneno ya dawa, kwamba anakuja kumchukua sasa hivi.

“Ulisema mke wangu,” mwanamke akajibu. “Mke mwingine uliyekuwa naye ni nani?” Na simu ikakatwa.

Hakurudi. Walitumwa wazee, walitumwa walimu wenzake; aliwapokea wote kwa heshima na sauti kamili, na akawaambia wote kwamba mwanamke aliyeachwa harudi kwa sababu mwanamume amejuta. Mwenye shaka ataona hapa jambo la kawaida kabisa: mlango ulirudishwa tu, haukufungwa, mke alipoteza sauti, si masikio, huenda aliusikia mpango mzima, akaujua wakati wake, na akaamua kwamba mume awezaye kutamka maneno hayo, kwa sababu yoyote, amekwisha kuyatamka. Hoja hiyo ina nguvu.

Inakabiliana na ushahidi wa fundi cherehani peke yake. Huyu anasema kwamba jioni ileile, wakati simu ile ikiendelea, aliona taa ya jiko la mfamasia ikiwaka na akasikia vitunguu vikikaangwa. Alifurahi. Alisogea ukutani akauliza, “Shoga, umerudi?”

Sauti ya mwalimu ikamjibu kutoka dirishani, bila haraka, “Sikuondoka, shoga.”

Mfamasia anaishi humo hadi leo. Nguo zake hupigwa pasi. Hapokei wageni, na wanaopita humsikia akizungumza kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayechagua kila neno.

Maelezo yameishia hapo, na hakuna la kuongezwa. Wewe uliyesikiliza, yapime mwenyewe, kisha useme: mfamasia alimwacha nani?