Mahame ya Kimyani

Rehani alikuwa na hakika kwamba alichora nyumba kumi na nne. Alizichora kwa mkono wake, moja baada ya moja, kwa kalamu ya wino aliyoagwa nayo mahakamani, na mtu aliyekuwa karani kwa miaka ishirini na sita hapotezi hesabu ya nyumba kumi na nne. Lakini Alhamisi ile, baada ya sala ya adhuhuri, alipoikunjua karatasi juu ya kitanda cha binti yake, nyumba zilikuwa kumi na tano.

Ya kumi na tano ilikaa nyuma ya kisima, kijumba cha makuti chenye mlango mmoja, dirisha hamna. Wino ulikuwa wake. Mkono ulikuwa wake. Hata kile kijimkia ambacho kalamu yake ilizoea kukiacha kwenye pembe ya paa kilikuwapo.

"Umeongeza nyumba, baba," Chausiku alisema akicheka. "Unanitegea."

"Nimeongeza," Rehani akajibu. Aliona haya kusema kwamba hakumbuki.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tisa, hapo Bagamoyo, katika nyumba yao ya mawe nyuma ya soko. Chausiku, mwalimu wa shule moja upande wa Zinga, alianguka na baiskeli akavunjika muundi, akafungwa plasta mpaka juu ya goti na kuambiwa akae kitandani wiki kumi. Kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya watoto arobaini, wiki kumi za kutazama boriti za dari ni kifungo. Mama yake alikuwa ameshafariki. Nyumbani alikuwapo shangazi yake, Bimdogo, na baba huyu asiyejua kupika wala kuuguza. Alichojua ni kuandika na kuchora, basi akambunia mchezo.

Alichora mji uliohamwa na wenyewe, mahame, akauita Kimyani, na Chausiku akawa msafiri aliyeufikia peke yake. Baba humweleza anachokiona, binti husema anafanya nini, kisha hutupwa kete nne. Zikilala chali jambo limefaulu, zikilala kifudifudi ni taabu. Ndani ya Kimyani mlikuwa na msikiti usio na paa, makaburi yaliyoota nyasi, kisima, na vyungu vilivyoachwa mekoni na chakula chake. Watu wake waliondoka siku moja, wote, mchana kweupe. Kwa nini? Hilo ndilo fumbo la msafiri, na kila Chausiku alipouliza, Rehani alitabasamu kama ajuaye. Kweli ni kwamba hakujua. Alikuwa bado hajalitunga.

"Naingia nyumba ile mpya," Chausiku alisema siku hiyo.

"Anza msikitini kwanza. Nyumba ile haina kitu."

"Inacho. Nasikia wanatwanga."

Rehani hakuwa ametaja kutwanga. Bimdogo alikuwa amejilaza chumba cha pili, na mtaa mzima ulikuwa umejifungia kulikimbia jua.

"Nasukuma mlango," Chausiku akaendelea, na sasa hakuitazama tena karatasi, alitazama ukuta. "Kuna kinu. Kuna mafiga matatu. Majivu yana moto, baba. Mtu ametoka humu sasa hivi."

"Leo basi, mwanangu."

"Hatujatupa kete."

Akazitupa mwenyewe. Zilibingirika juu ya shuka, zikasimama. Hazikulala chali wala kifudifudi. Zilisimama kwa ncha, zote nne, na chumbani mkapita harufu ya majivu yaliyonyeshewa mvua.

Rehani aliikunja karatasi, akaifungia ndani ya sanduku lake la mbao, na ufunguo akautia kwenye mfuko wa kanzu. Alijiambia mchezo umekwisha.

Kesho yake, saa saba mchana, Bimdogo alimjia barazani na kumshika mkono.

"Kaka, njoo uone. Usiseme neno, njoo tu."

Chausiku alikuwa amelala, macho wazi. Bimdogo akafunua shuka. Vidole vyake vya miguu, vya mguu mzima na vile vilivyochomoza kwenye plasta, vilikuwa na vumbi jekundu mpaka ndani ya kucha, na mji mzima wa Bagamoyo chini ni mchanga mweupe.

"Nimemwosha asubuhi," Bimdogo alinong'ona. "Hajashuka. Nimekaa mlangoni hapo tangu saa tatu nachambua mchele. Hajashuka, wallahi."

"Chausiku," Rehani akaita.

Hakuitika. Akaita tena, akamgusa bega, na bega lilikuwa na joto la mtu aliyekuwa juani, na baada ya muda mrefu, mrefu kiasi cha mtu kuacha jembe na kuinua kichwa na kutazama anaitwa kutoka wapi, midomo yake ikafunguka, na sauti ikaja ndogo, ya mbali, kama imevuka bonde lote kabla ya kufika: "Abee, baba."

Siku hiyo Rehani alimwambia dada yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kimyani hakuutunga wote. Alipokuwa karani kijana aliwahi kufuatana na hakimu kwenda kuangalia shauri la mpaka wa shamba, mbele ya Mkange, njia ya Saadani. Walipopumzika yeye alipotea porini, na adhuhuri akatokea kwenye mahame. Kisima, msikiti usio na paa, makaburi. Alikaa ukingoni mwa kisima akatoa daftari, akachora kila kitu. Alipourudia msafara, wapagazi walimuuliza kama alipiga hodi kabla ya kuingia. Aliwacheka.

"Hukupiga hodi?" Bimdogo akauliza.

"Nimpigie nani? Hapakuwa na mtu."

Bimdogo alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Rehani akaenda kuifungua karatasi. Njia ya Kimyani, ambayo yeye aliichora ikiishia langoni, ilikuwa imeendelea. Ilitoka nje ya lango, ikapinda, ikashuka mpaka ukingo wa chini wa karatasi, upande ule ambao kila siku huutandika kitandani kumwelekea Chausiku. Hakungoja. Alitoka nayo uani, akawasha kiberiti, na moto ulipoanza kuilamba pembe ya juu, palipochorwa vichaka na makaburi mawili, alisikia kutoka chumbani ukelele ambao baba yeyote angeutambua hata katikati ya soko, akaitupa karatasi chini na kuikanyagakanyaga kwa miguu mitupu, akakimbia ndani, akamkuta Bimdogo ameshika mkono wa Chausiku, na nywele za upande mmoja wa kichwa cha mtoto zimeungua, zinafuka moshi, na Chausiku analia kwa macho makavu akisema kunaungua, baba, huku makaburini kunaungua, na mimi nitapita wapi.

Baada ya hapo hakuthubutu tena kusogeza moto karibu na karatasi ile.

Bimdogo ndiye aliyetuma mtu kwenda kumwita Maalim Bwanausi, mzee wa Mkange, ambaye watu wa pande zile walimtegemea kwa mambo ya namna hii. Alifika siku ya tatu kwa basi, mfuko wa kitabu kwapani. Hakutaka ngoma wala watu. Alifukiza ubani, akaandika kombe kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya waridi, na Chausiku akanywa bila ubishi. Kisha mzee akaanza kusoma. Ilikuwa alasiri, jua limepenya dirishani mpaka miguuni pa kitanda.

Alipofika mahali fulani, Chausiku aligeuza uso.

"Assalaam aleikum," alisema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, tulivu, yenye adabu.

Maalim hakuitikia salamu. "Wewe nani?"

"Mwenyeji wa kule alikochora bwana huyu."

"Wataka nini? Mbuzi? Kuku? Nguo? Sema, upewe, utoke."

"Sitaki kitu, maalim."

"Kila jini hutaka kitu."

"Mie nilitaka watu, na sasa nimewapata." Alimtazama Bimdogo, akamtazama Rehani, taratibu, kama mgeni anayejifunza majina. "Nimekaa pasipo mtu miaka msiyoijua hesabu yake. Wale walionikimbia sikuwafanya ubaya; niliwasalimu tu, mchana, wakatoka mbio na kuacha vyungu motoni. Kisha bwana huyu akaja, akatazama kila pembe yangu, akaenda nayo. Nikangoja. Juzi akanikatia njia."

"Toka kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Kutoka naweza. Nikitoka, mtazika, maana mwili huu utabaki hauna mtu. Mwenyewe yuko kule, mekoni kwangu. Njia ile ina nafasi ya mmoja kwenda na mmoja kuja."

"Basi nenda wewe," Rehani akasema. Alikuwa amepiga magoti bila kujijua. "Nenda, bibi, nakuomba, nirudishie mtoto wangu."

"Mie sirudi," sauti ikajibu, bila hasira, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai.

Maalim Bwanausi alisoma mpaka jasho likamlowesha kofia. Alisoma mpaka magharibi. Mwisho akafunga kitabu na kutoka barazani, na Rehani akamfuata.

"Jini anayetaka kitu, nitamtoa kwa kitu," mzee alisema polepole. "Jini mwenye kisasi nitamtisha. Huyu hana kisasi wala haja. Bwana Rehani, sikudanganyi, huyu simwezi."

"Nifanye nini?"

"Usiichome. Usiitie maji. Usimwoneshe mtu." Alivua kofia iliyolowa. "Zaidi ya hayo sijui."

Wiki ya kumi plasta ilikatwa. Mguu ulikuwa umeunga vizuri. Majirani walikuja na halua na kahawa, wakamshukuru Mungu, na aliyekuwa na umbo la Chausiku akawapokea mlangoni kwa kicheko, akamuuliza kila mmoja hali ya watoto wake. Alirudi Zinga kufundisha, na wazazi wakasifu kwamba mwalimu amekuwa mpole kuliko zamani. Bimdogo alihamia kwa binti yake huko Kerege. Hakusema sababu, na Rehani hakumuuliza. Angemlalamikia nani mwingine? Angeandika barua gani, kwa ofisi gani, kwamba binti yake mwenye afya njema, anayempikia na kumtandikia, si binti yake?

Akabaki na karatasi. Kila mchana, binti akiwa shuleni, aliikunjua mezani. Juu ya paa la nyumba ya kumi na tano ulikuwa umetokea uzi mwembamba wa moshi, mistari mitatu ya wino, ambayo siku moja huinamia kushoto na siku nyingine kulia. Akajua mwanawe anapika. Lakini anapika nini? Hapo ndipo alipoanza kumchorea. Alichora gunia la mchele kizingitini. Kesho yake halikuwapo. Alichora ndoo na kamba kando ya kisima, ikawa kesho kamba imelowa, wino umetanuka. Alichora kitanda, taa, kuku wawili, jozi ya makubazi, mswala. Kila alichochora kiliingizwa ndani. Kuandika alijaribu pia, "Mwanangu, unanisikia?", lakini maneno yalikaa vilevile karatasini, hayakuchukuliwa na mtu. Kuchora mtu hakuthubutu. Aliogopa ni nani angekuja kukaa ndani ya huyo.

Alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Kisha, siku moja ya masika, alizikuta nyayo.

Zilitoka kwenye pembe iliyoungua, ambapo hakuwa amechora chochote tangu moto ule, zikapita kati ya makaburi, zikazunguka msikiti, zikasimama mbele ya mlango wa makuti. Hazikuwa nyayo za mtu, zilikuwa kwato. Rehani alichukua wembe akazikwangua mpaka karatasi ikakonda, na wino haukutoka. Akachora komeo mlangoni, akachora na gogo la kuegemeza, akakaa na kutazama mpaka macho yakamwuma, na hakuna kilichosogea, maana hakuna kilichowahi kusogea mbele ya macho yake. Na kesho yake mchana, alipoikunjua, gogo lilikuwa limelala chini, mlango wazi, juu ya paa hapana moshi, na kutoka kizingitini zilikwenda alama za jozi ya makubazi, zimekaribiana, za mtu anayekimbia, na kwato nyuma yake. Zilipita kisima. Zilipita lango. Hazikufuata njia, zilikata moja kwa moja kuelekea ukingo wa kulia, na makubazi yalikuwa yamebakiza upana wa vidole viwili kufika mahali karatasi inapokwisha.

Rehani alitoa karatasi nyingine sandukuni. Akaiweka kando ya ile ya kwanza, ukingo kwa ukingo, akaanza kuchora upesi upesi: uwanda, mto, daraja, njia ndefu iliyonyooka. Zilikuwa karatasi mbili tu zilizowekwa pamoja. Hazikuwa zimeshikana.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Shule ilikuwa imefungwa mapema kwa ajili ya mvua. Aliyevaa mwili wa binti yake alisimama akijipangusa maji usoni, akaitazama meza, akamtazama mzee, na usoni mwake hapakuwa na ubaya wowote.

"Unga wa ngano upo," alisema. "Nikukorogee gundi, baba?"

Rehani alitazama makubazi yale, na upana ule wa vidole viwili, ambao sasa ulikuwa kidole kimoja.

"Nikorogee," akasema. "Fanya haraka, mwanangu."