Cherehani Mbili Kabla ya Kura

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mumewe alichezesha mpira kwa miaka ishirini na mitatu, akaitwa Refa, naye akawa Mama Refa. Hata wateja waliokuja kupunguza suruali walibisha hodi kwa jina hilo. Hakulalamika. Alikuwa na kazi za watu za kumaliza.

Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Palikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, meza ya kukatia vitambaa, pasi, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Refa naye aliacha filimbi goti lilipomkatalia. Siku hizi alikuwa mjumbe. Shirikisho la kimataifa la mpira wa miguu lilimweka kwenye kamati ya watu kumi, kutoka nchi kumi. Kamati hiyo ingechagua nchi ya kuandaa Kombe la Vijana. Nchi mbili ziligombea, moja ya pwani na moja ya milimani.

"Mume wangu huyu hawezi kuchagua kati ya shati jeupe na la buluu," Mama Refa aliwatania wateja. "Sasa wamempa achague nchi."

Refa akasafiri wiki nzima kukagua viwanja. Siku ya tatu ya safari yake, gari la mizigo lilisimama mlangoni. Akashuka mwanamume wa makamo, mwenye suti ya kijivu na sauti ya kubembeleza.

"Hodi hapa. Ndiye fundi mwenyewe?"

"Karibu, baba. Ndiye mimi."

"Tumesikia sifa zako, mama. Tunataka vibendera elfu mbili. Kitambaa tunacho, uzi tunao."

Mama Refa akacheka. "Kwa cherehani hii ya kukanyaga? Vitakwisha mimi nikiwa kikongwe."

"Hilo tumelifikiria," mgeni alisema. Akawaashiria wapakiaji, nao wakashusha cherehani mbili za umeme, mpya, bado zina nailoni. "Tumia hizi. Kazi ikiisha, zibaki hapa hapa. Sisi tutazipeleka wapi?"

Mama Refa akazigusa. Kwa miaka sita alikuwa akizitazama mashine kama hizo kwenye dirisha la duka, kisha anaenda zake.

"Mzee wangu hayupo," alisema.

"Ya nini kumsumbua mzee? Hii ni kazi ya mikono yako. Tia sahihi hapa tu, kwamba umepokea."

Karatasi ilikuwa na maandishi madogo, na miwani yake ilikuwa chumbani. Aliona haya kumsimamisha mgeni mwenye suti wakati yeye anapekua mito. Akatia sahihi bila kusoma. Mgeni akamwachia nakala, akaaga kwa adabu zote.

Vibendera vilikuwa vya nchi ya pwani. Hilo Mama Refa aliliona mara tu alipofungua kitambaa. Akili ilimwambia asubiri. Lakini mashine zilikuwa zimemkalia mbele, na kazi ni kazi, akajiambia. Akaanza kukata.

Refa alirudi Jumapili mchana, amechoka, goti limevimba. Alisimama mlangoni akazitazama mashine.

"Naona nyumba yangu imekuwa kiwanda."

"Nimepata kazi kubwa. Mteja ndiye kaniletea mashine."

Hakudanganya. Ila hakusema yote. Vibendera alikuwa amevitia kwenye magunia na kuyasukuma nyuma ya mlango.

Refa alikaa, mkewe akamkanda goti kwa kitambaa cha moto. Huku anakandwa, alisimulia safari.

"Kule milimani uwanja ni mdogo, lakini imara. Kule pwani..." Akatikisa kichwa. "Jukwaa zima lina nyufa. Nimeingiza vidole vinne. Wamezipaka rangi, wakadhani sitapapasa. Na pale ndipo watoto wa watu watakaa, maelfu."

"Kwa hiyo hutawapa kura?"

"Nitawapaje, mke wangu? Siku likiporomoka nitawaambia nini wazazi?"

Mama Refa aliendelea kukanda. Jicho lilimwenda kwenye magunia nyuma ya mlango.

Jumatatu asubuhi Refa alikwenda posta. Simu ikalia. Ilikuwa ile sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo mama. Vibendera vinaendeleaje? Vizuri. Mkumbushe mzee kwamba kura ni Jumamosi, na sisi ni watu wake. Sahihi yako nzuri sana, mama. Tumeiweka mahali salama."

Simu ikakatika. Mama Refa alikaa nayo mkononi. Alijaribu kushona, sindano ikamchoma. Akajaribu tena, akashona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto. Kila gari lililopita nje lilimfanya anyanyue kichwa.

Adhuhuri aliingia jirani yake kuchukua sketi. Mtaa mzima ulimwita Karani, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama. Kesi za rushwa zilipita mezani kwake kila wiki. Akaiinua sketi, akaigeuza huku na huku.

"Shoga, umeifunga kiuno chote. Nitaingilia wapi, chini ya pindo?"

Mama Refa alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Akaeleza yote. Kisha akatoa ile nakala, na Karani akavaa miwani, akaisoma polepole kwa sauti.

"'Cherehani mbili zimepokelewa na familia ya mjumbe, kwa ushirikiano wake katika uchaguzi wa nchi mwenyeji.'"

Mama Refa akakaa chini pale pale kwenye sakafu. "Sikusoma. Wallahi sikusoma."

"Walijua hutasoma. Ndiyo maana waliandika madogo."

"Lakini mimi nashona, dada. Natoka jasho. Rushwa iko wapi kwenye kazi halali?"

"Nikuulize. Mumeo angekuwa fundi bomba, hawa wangekuja kwako?"

Mama Refa akatikisa kichwa.

"Huko kwao hakuna mafundi cherehani?"

"Wamejaa."

"Mteja gani mwingine amewahi kukuachia mashine kazi ikiisha? Na kwa nini usimsumbue mzee?" Karani akavua miwani. "Ndugu yangu, watu wanadhani rushwa ni bahasha tu. Inaweza kuwa kazi ya mke, shule ya mtoto, tiketi ya ndege, hata matibabu ya mama mkwe. Anapewa ndugu, lakini anayenunuliwa ni mwenye kura."

"Basi nizirudishe leo leo, kimyakimya."

"Hapana. Ukizirudisha kimya, sahihi yako inabaki kwao, nawe huna ushahidi wowote. Acha kuzitumia. Zipige picha. Andika nani alikuja, lini, na alisema nini. Mumeo apeleke taarifa kwenye kamati ya maadili ya shirikisho lao, na kwenye ofisi ya kuzuia rushwa hapa mjini. Kabla ya kura, si baada. Mashine wazichukue wao, nanyi mpewe hati ya kukabidhi."

"Na mume wangu akinifukuza?"

"Hilo sheria haina jibu. Lakini mwambie leo. Kila siku inayopita, itaonekana mlikubaliana."

Refa aliporudi alikuta chakula hakijapikwa. Mkewe alimkabidhi karatasi. Aliisoma mara mbili. Uso ulimshuka.

"Nikiwapa kura, nimenunuliwa," alisema mwishowe. "Nikiwanyima, wataitoa hii. Watasema nimekula kwao nikawageuka."

"Najua."

"Niliwahi kupigwa chupa ya kichwa kwa kukataa kutoa penalti. Uwanja mzima ulinitukana, sikuyumba. Leo nimefungwa nyumbani kwangu."

Maneno hayo yalimwingia Mama Refa hadi kwenye mfupa. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyetia sahihi," alisema. "Maelezo nitaandika mimi, kwa mkono wangu."

Shule aliiachia darasa la tano. Kuandika kulimchukua mchana wote. Alianza na tarehe, akataja suti ya kijivu, gari, magunia, na ile simu. Alipofika pale alipojua vibendera ni vya nani na bado akakata kitambaa, alisita. Karani, aliyeitwa tena, aliketi kando yake, hakumsaidia neno hata moja.

"Hilo nalo niandike?"

"Hilo hasa."

Akaandika.

Refa naye aliandika ya kwake. Aliambatanisha ripoti ya nyufa, akaomba awekwe kando asipige kura hadi uchunguzi uishe. Hapo ndipo palipomuuma zaidi.

"Milimani wakikosa kwa kura moja, itakuwa yangu," alimwambia Karani.

"Ukipiga kura na hili liko kichwani pako, hata nyufa zako wataziita za kununuliwa. Jisafishe kwanza. Jukwaa litaongea lenyewe."

Jumanne walipeleka taarifa. Maofisa wawili walikuja, wakahesabu magunia, wakabeba mashine, wakatoa hati yenye mhuri. Mtaa wote ulichungulia. Mwenye duka la pembeni akatangaza kwamba Refa kapewa kadi nyekundu. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, hawakukaa hata kusalimiana. Mama Refa aliwakunjia vizuri, akawapa. Alipobaki peke yake aliogopa kwamba amefanya jambo sawa na bado yeye na mumewe watapotea.

Ijumaa mchana, mgeni wa suti ya kijivu alikuja. Mama Refa alimkaribisha ndani. Refa alikuwa mezani.

"Mzee, nimepita kusalimia tu," mgeni alisema, akatandaza mbele yake ile karatasi yenye sahihi. "Kesho usitusahau marafiki. Hii isije ikaangukia mikononi mwa watu wabaya."

Refa aliitazama. "Imeshafika. Ipo kwenye kamati ya maadili, na kwenye ofisi ya kuzuia rushwa. Tangu Jumanne."

"Nani kaipeleka?"

"Mimi," alisema Mama Refa. Akasogea karibu na meza. "Na leo nitaongeza kwamba umerudi. Saa nane na robo."

Mgeni aliikunja karatasi yake. Mara ya kwanza alikosea mkunjo, akaikunja upya. Kisha akatoka, hakuaga.

Jumamosi kura haikupigwa. Kamati ya maadili iliahirisha, ikatuma wahandisi kulikagua lile jukwaa. Baada ya siku nne jukwaa likafungwa, halafu likabomolewa. Mhandisi mmoja alimpigia Refa akamwambia kwamba ndani mlikuwa na nondo zilizoliwa na kutu, na kwamba lisingebeba hata mechi moja iliyojaa. Refa aliweka simu, akaenda kumshika mkewe bega.

Yakapangwa pia mambo mapya. Kura ingepigwa hadharani, kila mjumbe ataje nchi anayoitaka na sababu yake. Na kila mjumbe ajaze fomu ya zawadi na kazi zote walizopewa yeye na jamaa zake. Uchunguzi ulimwona Refa hana kosa, akarudishwa kwenye kamati. Mama Refa alipewa onyo la maandishi na ofisi ya kuzuia rushwa kwa kutia sahihi bila kusoma. Alilisoma onyo hilo lote, na miwani, kabla ya kutia sahihi kwamba amelipokea.

Wateja walirudi mmoja mmoja, wengine kwa aibu. Mwenye duka alileta suruali tatu kwa mpigo.

Siku moja kabla ya kura mpya, simu ya Refa ililia akiwa anaoga. Mama Refa aliipokea. Mwanamke alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kutoka mbali.

"Samahani, dada. Nimesikia yaliyowapata, namba nimeitoa kwenye orodha ya wajumbe. Mimi pia mume wangu ni mjumbe. Mimi ni msusi. Wale wa pwani waliniletea viti vinne vya saluni."

"Ulitia sahihi?"

"Nilitia. Mwenzangu hajui. Leo ameletewa ile fomu mpya, ajaze zawadi. Ameandika hakuna. Ameiacha mezani, niko nayo hapa. Nifanye nini?"

Mama Refa alivuta kiti, akakaa.

"Mwite mumeo, dada. Kisha chukua karatasi na kalamu," alisema. "Anza na tarehe. Mimi sikati simu, nakusubiri."