Joto la Bibi Raheli

Haya yalimpata mama yangu mzazi, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nimeyaokota stendi ya mabasi. Na kabla hujaanza maswali ya kisomi, ujue nilishajiuliza yote. Nina digrii ya sosholojia, upper second, iko ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Hiyo ndiyo ajira yake mpaka leo, kulala chini ya godoro.

Nilirudi kijijini, upande wa Ulemo, mwaka tisini na saba. Serikali ilikuwa imefunga ajira, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na waliokuwa ofisini wanapunguzwa kama miche ya mtama. Niliandika barua thelathini na kitu. Majibu yote yalikuwa ya aina moja: we regret to inform you. Soko huria, walituambia. Sawa. Huria kwa nani, hawakusema.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mimi Eliana, mama yangu Leah, na Bibi Raheli, mama yake marehemu baba. Mama na mimi tulilala kwenye nyumba ya bati. Bibi aliikataa bati. Alibaki kwenye tembe lake nyuma ya uwanja, kuta za udongo na paa la udongo, mlango mfupi unaoingia umeinama. Humo alilala na kuku wake kumi na wanne na mbuzi wawili. Kipupwe cha Iramba si cha kuchezea. Mwezi wa saba upepo unapanda kutoka bondeni na kuingia hadi kwenye meno. Wazee wa kwetu walilijua hilo, ndiyo maana mifugo midogo ililala ndani na watu, mbuzi miguuni, kuku ubavuni.

Mimi niliona uchafu. Nilikuwa nimepata kijitabu cha ufugaji bora na kilisema wazi: usilale na kuku. Kideri, utitiri, mafua. Kwa mara ya kwanza elimu yangu ikapata kazi ya kufanya. Nikajenga banda la mabanzi na wavu, lenye miti ya kulalia na mlango wa komeo. Modern kabisa. Juni ya tisini na nane nikaenda kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu msomi. Umekuja kunivua nguo?"

"Nahamisha kuku tu, Bibi. Na mbuzi. Nimekuletea mablanketi mawili mazito, mtumba wa Ulaya huu."

Akalipapasa moja, akalinusa. Alichosema alikisema kwa Kinyiramba, na kwa Kiswahili hakitoki vizuri. "Blanketi halipumui, Eliana."

"Kuku wanaleta magonjwa."

"Wewe ulizaliwa humu humu, mbuzi anakulamba nyayo. Ulikufa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mtama. Nikamwangalia. Alinyamaza. Nikauchukua ukimya ule kuwa ruhusa. Nikawabeba kuku, wawili kila mkono, vichwa chini. Bibi aliwatazama hadi wa mwisho, halafu akaanza kujifunga kanga kiunoni, akaifungua, akaifunga tena, kama mtu asiyejua aweke wapi mikono.

Alimaliza siku tisa. Asubuhi ya kumi mama alimkuta amekufa, amelala chali, mikono yote miwili ameizungusha pembeni kama mtu aliyekumbatia vitu viwili, kimoja kila upande. Haikunyooka. Wanawake waliomwosha walijaribu, wakaacha. Fundi ikabidi atengeneze jeneza pana.

Mbuzi tuliwachinja msibani. Kuku walibaki. Mimi nilisema ni uzee, na nilisema kwa sauti.

Mwaka mzima ukapita kimya. Tembe nikaligeuza stoo ya pumba.

Kipupwe kilichofuata, jioni moja, niliwamwagia kuku pumba mbele ya banda kama kawaida. Wakala. Kisha jogoo akageuka, na wote wakamfuata kwa mstari mmoja hadi kwenye tembe. Wakapenya kwenye pengo la mlango, mmoja mmoja. Hakuna aliyelia.

Mazoea, nikajiambia. Animal behaviour, basi.

Asubuhi niliwakuta juu ya kitanda cha kamba cha Bibi. Wamejipanga pande mbili, saba huku, saba kule. Katikati wameacha nafasi ndefu, nyembamba. Niliweka kiganja pale kwenye kamba.

Palikuwa na joto.

Nikamshika kuku wa karibu nimtoe nje. Nikamwachia. Alikuwa mzima, anapepesa macho, lakini mwili wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikagusa wa pili. Nikagusa wa tatu. Wote kumi na wanne, wazima, wa baridi.

Ikawa hivyo wiki nzima. Hawakufa, hawakutaga. Alipopita Melkizedeki, mchuuzi anayezunguka na baiskeli na matenga akikusanya kuku wa kupeleka Dar, alimshika mmoja kifuani apime nyama. Akamrudisha chini taratibu.

"Dada msomi, huyu mmemchinja lini?"

"Si unaona anatembea?"

"Naona. Ndiyo shida yangu." Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, akapanda baiskeli. Uji aliokaribishwa hakuugusa.

Nikanunua kufuli. Nikafunga tembe, nikaziba pengo la mlango kwa kipande cha bati, nikawaswaga kuku bandani kwa fimbo. Kesho yake walikuwa na joto lao, wanagombana, wanaparua. Nikacheka peke yangu uwanjani. Science. Nikampelekea Melkizedeki ujumbe kwa mtoto wa jirani, naye akaja mchana huo huo, akawapima mmoja mmoja, akawabeba wote, pamoja na jogoo. Nilitaka uwanja uwe mtupu nianze upya.

Katika furaha ile sikukumbuka kumwamkia mama.

Kesho yake mchana nilimkuta ameegemea ukuta, jua la saa sita linampiga usoni. Alikuwa amevaa masweta mawili, na juu yake blanketi la Bibi. Anatetemeka. Nikamshika mkono. Baridi ile niliijua.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu ulipofunga kule." Alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Nikilala, kuna mtu anakuja kuniegemea mgongoni."

"Ni ndoto, mama."

"Mtu unaota siku mbili ndoto moja? Ananiegemea mpaka alfajiri."

"Anasema kitu?"

"Hasemi. Wala hapumui."

Mama akavuta blanketi. "Ana haki yake. Nilisimama mlangoni na ungo wangu nikaona anavuliwa. Ningesema neno moja, wewe ungeacha. Nilinyamaza kwa sababu kuku wale walikuwa wananinukia miaka ishirini."

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi akamtia kipimajoto kwapani, akakisoma, akakikung'uta, akaleta kingine. Hicho cha pili alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, polepole, iwapo mgonjwa alikuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Siku ya tatu mama aliacha kutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwekea jiko la mkaa miguuni, milango wazi, na hakulisikia. Kucha zake zilikuwa na rangi ya majivu. Nilizunguka majirani wote kuomba kuku wa kuazima. Wawili tu. Hata mmoja. Melkizedeki alishatutangaza. Mama Peniel, ambaye watoto wake niliwafundisha Kiingereza bure, alisimama mlangoni kwake akanizuia kwa kiwiko.

"Mwanangu, pole. Kuku wangu siwapeleki kulala na asiyekuwepo."

Nikarudi. Nikautazama uwanja. Banda langu la kisasa lilikuwa wazi, upepo unapita kwenye wavu. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na mbuzi. Chenye joto kilichobaki pale kilikuwa mimi.

Nilifungua kufuli kabla jua halijazama. Nikavua sweta. Nikalala kwenye kitanda cha kamba, ubavu, mgongo ukutani, nikaacha nafasi mbele yangu.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Mwache mama. Aliyekuvua ni mimi."

Upepo. Pumba zilinuka. Mwanga mwekundu ulikuwa bado umelala kizingitini.

Kisha kamba zikabonyea mbele yangu.

Taratibu. Kama mtu anakaa. Kama mtu anainua miguu, mmoja, halafu wa pili. Mgongo ukanigusa kifuani. Mwembamba. Sikusikia pumzi. Mkono ukaja nyuma ukanizunguka kiuno, ukabana, na ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko kama tawi. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikapumua. Nikapumua kwa nguvu, kwa ajili yetu wawili, mpaka mwanga ukaondoka kizingitini na sikujua tena kitu.

Niliamshwa na mama akigombana na kuni mbichi jikoni.

"Eliana, jua limefika wapi? Graduate gani huyu wa kulala kwenye pumba?"

Nilitoka nimeinama. Alikuwa amevaa gauni moja tu, uso unamtoka jasho. Jasho. Nilikaa chini pale pale nikalia, naye akaniuliza nani amekufa.

Tangu hapo ni miaka minne. Mama ni mzima. Kila kipupwe kikianza nahamia tembeni, mama hanizuii na mimi simwelezi, ila akinipa uji huepuka vidole vyangu, anasema vina baridi. Barua za kuomba kazi sijaandika tena. Mtu akiniuliza kwa nini siendi mjini, namjibu kwamba nina shughuli.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sosholojia yangu haikigusi. Asubuhi ile ya kwanza, kwenye ile nafasi niliyoacha kitandani, nilikuta yai. Moja, jeupe. Kuku wa mwisho alikuwa ameondoka siku tatu nyuma, na pengo la mlango lilikuwa bado limezibwa kwa bati.

Sikulila, sikulitupa. Liko kwenye kikombe juu ya rafu. Halijaoza. Mama aliligusa mara moja akarudisha mkono haraka, akasema lina baridi inayouma. Mchungaji alipokuja kutuombea alisema vivyo hivyo, akakiweka kidole chake kwapani ili kipate joto.

Mimi nikilishika, ni la moto.